"Nanga kwanu?" Siku tano na mabinti wa Mangochi

Hii makala nimeichelewesha sana. Kila nikifungua simu niandike naishia kufuta, kwa sababu watu wakisikia ulienda kujitolea nje ya nchi wanasubiri picha, uko katikati ya watoto wanacheka, na kiukweli picha hizo ninazo nyingi tu, ila kilichonipata kule hakimo kwenye picha hata moja. Ni swali la maneno mawili. Aliniuliza binti wa miaka 17 ambaye dakika chache kabla alikuwa amepiga magoti chini, macho kwenye sakafu, na mpaka leo sijalimaliza kulijibu.

Ilikuwa mwezi wa nane 2019. Nilikuwa na miaka 26, nafanya kazi Dar, nikapata nafasi ya kujitolea wiki tatu Malawi kusaidia kuendesha kambi ya uongozi ya wasichana. Hamna mshahara, unapewa pa kulala, chakula na hela kidogo ya usafiri, nikakubali hata kabla sijamaliza kusoma ile barua. Mimi kwetu Masasi. Bibi yangu mzaa mama ni Myao, na Wayao wenyewe mnajua mpaka wa nchi haukuwagawa vizuri, wapo Tunduru, wapo Masasi, wapo Msumbiji, halafu ukishuka kusini mwa ziwa kule Mangochi wamejaa tele, wengi Waislamu kama sisi. Nilipompigia bibi kumuaga akaniambia, "Mjukuu wangu, huko unakwenda kwa ndugu zako, usiende kama mtu wa serikali." Nilicheka, nikamwambia sawa bibi.

Safari yenyewe niliipenda. Basi mpaka Mbeya, kesho yake Kyela, halafu Kasumulu pale mpakani, Mtanzania haombi viza kuingia Malawi kwa hiyo unagongewa muhuri, unabadilisha hela kwa wale vijana (kwacha moja ilikuwa kama shilingi tatu hivi), unavuka daraja la mto Songwe na mabegi yako, basi, uko nchi nyingine. Karonga, Mzuzu, halafu nikashika ile barabara inayoshuka na kufuata ziwa, Nkhata Bay, Nkhotakota, Salima. Sisi tunaita Ziwa Nyasa, wao wanaita Ziwa Malawi, serikali zetu zinabishana mpaka upite wapi, lakini kwenye basi hakuna aliyekuwa na habari hiyo, mama wa pembeni yangu alikuwa na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, tumekula wote mandazi, wao wanaita mandasi, na tukaelewana kwa Kichewa changu cha siku mbili. Maji ni madzi, nyumba ni nyumba, mgeni ni mlendo. Unajikuta unakisia na unapatia.

Nkhotakota basi lilisimama kama dakika 20 na pale ndipo moyo ulianza kuniuma kidogo. Hilo jina nilikuwa nalijua toka historia ya shule. Miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika pale akajenga utawala wake, yeye na waliomrithi waliitwa Jumbe, na majahazi yao yalivusha watumwa kwenda ng'ambo ya mashariki ya ziwa, toka hapo wanatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa. Watu wanaoongea lugha yangu. Waliacha misikiti, waliacha na maneno, na waliondoka na watu. Nilikaa dirishani naangalia maji nikajiuliza, mgeni kutoka upande wetu akifika huku wazee wanamuonaje? Halafu basi likaondoka nikapitiwa na usingizi.

Kambi ilifanyika kwenye shule ya bweni ambayo wanafunzi wake walikuwa likizo. Tulikuwa na mabinti 62, umri miaka 13 mpaka 17, wengine wako standadi 7 na 8 (Malawi msingi ni miaka minane), wengine fomu 1 na 2. Sisi waendeshaji tulikuwa saba, walimu wawili wa kike wa pale pale, nesi mmoja, dada mmoja kutoka Blantyre, Mkenya mmoja wa Kisumu, msichana mmoja Mholanzi, na mimi. Siku ya kwanza mwalimu mkubwa wa kike, mama mmoja mtulivu sana, tulikuwa tunamwita Madam, alitukaribisha mbele ya mabinti kwa methali ya Kichewa, *Mlendo amadza ndi kalumo kakuthwa*. Mgeni huja na kiwembe kikali. Maana yake yule aliyetoka mbali anaweza kuja na kitu cha kukata tatizo lililowashinda wenyeji. Nikamwambia na sisi tunayo, Mgeni njoo mwenyeji apone. Wote wakapiga makofi. Mimi nikavimba kichwa, nakiri, nikajiona ndio hicho kiwembe.

Hizi kambi za wasichana kwa mtindo huu zina historia yake. Zile zinazojulikana kama Camp GLOW zilianza Romania mwaka 1995, waanzilishi ni wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani pamoja na walimu wa huko huko, toka hapo zikasambaa nchi nyingi sana, Malawi ikiwemo. Yetu haikuwa ya Peace Corps ila mwongozo wetu ulikuwa wa ukoo huo huo, ukiona taimtebo moja umeziona zote. Asubuhi mazoezi na nyimbo, halafu sesheni ya kujitambua, mto wa maisha unachora kwenye karatasi kubwa, mchana hedhi na kushona pedi za kitambaa, jioni michezo, usiku wa mwisho mishumaa. Na sidharau. Ile sesheni ya pedi tu, yule nesi alivyoifundisha, na mabinti wanashona huku wanaulizana maswali ambayo hawajawahi kuuliza mahali popote, kuna mmoja alikuwa anakosa shule siku nne kila mwezi na aliondoka na pedi sita alizoshona kwa mkono wake mwenyewe, hiyo peke yake ilitosha kulipia nauli yangu.

Ila kulikuwa na sesheni moja iliyokuwa yangu, ya kuongea mbele za watu. Mwongozo unasema hivi: simama wima, mabega nyuma, mtazame mtu machoni, toa sauti. Nikaifundisha siku ya pili kwa nguvu zangu zote. Nikawapanga wawili wawili, mtazame mwenzio machoni, sema jina lako, sema unataka kuwa nani. Wakawa wanacheka, wanaziba midomo kwa chitenje (kitenge cha kule), wanainama, na mi nakazana, "Usiiname! Kiongozi hainami!" Sasa nikikumbuka hiyo sauti yangu naumia kweli kweli. Maana mimi mwenyewe kwa bibi yangu Masasi sijawahi kumtazama machoni wakati naongea naye jambo zito. Nikimpelekea chakula nainama. Na si woga, ni adabu, na kila aliyelelewa huko anajua tofauti. Nilivuka mpaka wa Songwe na adabu yangu nikaiacha Kasumulu.

Sasa nje ya uzio wa shule kulikuwa na mwembe mkubwa, na toka siku ya kwanza chini ya ule mwembe alikuwa anakuja bibi mmoja anakaa. Anakuja saa mbili asubuhi, anatandika chitenje, anakaa mpaka adhuhuri, anaangalia. Mlinzi alikuja kutuuliza amwondoe? Yule Mholanzi alikuwa na wasiwasi wa usalama wa watoto, na haki yake, ndiyo kanuni, mtu asiyejulikana asikae karibu na kambi. Madam akasema kwa upole, "Huyo msimguse. Huyo ndiye amewapa ruhusa hawa watoto kuja." Ikabidi atueleze. Yule bibi ni nankungwi. Wingi wao ni anankungwi. Ndio wanaosimamia chinamwali, kuwaingiza wasichana utu uzima.

Nilisikia hilo neno mwili ukanisisimka. Kungwi! Chinamwali, mwali! Hili jambo nalijua, mimi nilichezwa. Kwetu ni unyago, kuna kungwi, kuna nyakanga, kuna ngoma, kuna nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa na sitaziandika. Sasa sisi tumeandika ratiba ya siku tano ya kumfundisha binti kuwa mwanamke kiongozi, na mwanamke ambaye kijiji kizima kilimkabidhi mabinti hao hao tumemwacha nje ya uzio. Na Madam alituambia bila kuzunguka, kwamba mama zao wengi walikwenda kumuuliza yule bibi kwanza, hawa wageni tuwape watoto? Akasema wapeni, nitakuwa nawaangalia. Ndiyo maana anakaa pale.

Nilitoka nikaenda mwenyewe chini ya mwembe. Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikamwamkia kwa kiarabu chetu sote, salamu aleykum, nikamwita agogo, ndivyo wanavyomwita bibi. Mkalimani wangu alikuwa binti wa fomu 2. Nikamwambia bibi yangu ni Myao wa Masasi, na mimi ni mwali wake. Alinishika mkono akanitazama muda mrefu halafu akauliza kitu kimoja tu. "Siku tano zikiisha, nyinyi mtakwenda wapi?" Nikasema kila mtu kwao. Akaitikia kwa kichwa. Hakusema zaidi.

Kesho yake akaingia ndani. Tulimwekea kiti mbele, akakataa, akakaa kwenye mkeka nyuma na mabinti. Wapishi jikoni walikuwa na redio yao, kwa sababu mwaka ule Malawi ilikuwa moto, uchaguzi wa mwezi wa tano ulikuwa unabishaniwa, maandamano Lilongwe na Blantyre, na kesi ya uchaguzi ilikuwa imeanza mwezi huo huo, watu wanaisikiliza redioni mubashara kama mpira. Majaji watano, mmoja ni mwanamke, Ivy Kamanga, na Madam alilitumia hilo darasani, aliwauliza mabinti mnasikia huyo mama? Mmoja akanyoosha kidole akauliza jaji akiwa mwanamke nyumbani nani anapika? Wakacheka wote ila lile swali alikuwa hatanii na Madam hakulicheka, alikaa nalo nusu saa nzima. (Mwezi wa pili 2020 wale majaji watano walikuja kuufuta ule uchaguzi, nikawakumbuka wapishi wetu.)

Siku ya nne ndiyo siku yenyewe.

Sesheni ilikuwa ya sheria, dada wa Blantyre ndiye aliyeiongoza. Akaeleza kwamba sheria ya ndoa ya Malawi ya 2015 iliweka miaka 18, ila Katiba ilikuwa bado inaacha upenyo, kuanzia 15 mzazi akikubali mtoto anaolewa, mpaka mwezi wa pili 2017 Bunge likabadilisha Katiba, upenyo ukazibwa, sasa ni 18 bila mzazi kukubali au kukataa. Akataja na mama mmoja ambaye pale kila mtu anamjua kwa sababu eneo lake ni jirani, Dedza, Inkosi Theresa Kachindamoto, chifu wa kike aliyevunja ndoa za watoto zaidi ya 850 na kuwasimamisha wakuu wa vijiji walioziruhusu. Kabla ya kuitwa arithi uchifu mwaka 2003 alikuwa sekretari wa chuo Zomba, miaka 27 anachapa barua. Mabinti walisikiliza kimya kabisa.

Agogo akainua mkono. Akasema, na alisema kwa sauti ya kawaida tu, sheria ni nzuri lakini sheria hailishi. Msichana aliyekwisha kukua akibaki kwa mama yake ni mdomo, na akipata mimba bila mume ni aibu ya mama, si ya Bunge. Yeye kazi yake ni kuwakuza. Wakishakua, waolewe au wasome, hilo ni la wazazi.

Niseme wazi nilikasirika. Nilitaka kujibu. Dada wa Blantyre naye alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini kabla hatujasema chochote yule binti akanyanyuka.

Alikuwa mkubwa kuliko wote pale, miaka 17 na yuko standadi 8, ana mtoto wa kiume wa miaka miwili mgongoni amemfunga na chitenje ya kijani. Siku zote nne alikuwa haongei. Kwenye sesheni yangu ya kutazamana machoni alishindwa kabisa, nikamwandika kwenye daftari kwamba anahitaji msaada wa kujiamini. Akatembea mpaka mbele ya mkeka wa agogo, akapiga magoti, mtoto mgongoni, akaweka viganja pamoja, macho chini. Akaanza, "Agogo, pepani." Samahani bibi. Binti wa fomu 2 alikuwa ananinong'oneza tafsiri sikioni na huku analia.

Alisema, nyinyi ndio mlioniingiza, mwaka wa mafuriko. Mliniambia nimekuwa mtu mzima. Nilifurahi. Mwaka uliofuata niliolewa, na sikuulizwa. Mtu mzima haulizwi? Mume akaenda Joni (ndivyo wanavyoita Afrika Kusini) na hakutuma hata neno. Mlinifundisha kutunza nyumba, agogo, na ninaitunza, sijawaangusha. Lakini mtoto huyu alipougua usiku, karatasi ya dawa niliishika mkononi sikujua inasema nini mpaka kulipokucha. Mtoto alipomaliza mwaka nikarudi shule, walinipokea. Naomba kitu kimoja. Mkiwaingiza hawa wadogo zangu, muwaambie kule kule ndani, wamalize shule kwanza. Mkisema nyinyi, baba zetu watasikia. Wakisema hawa wageni, baba zetu watapiga makofi, halafu wageni wataondoka.

Kimya. Unasikia redio ya jikoni tu.

Sijawahi, wala sitegemei, kusikia hotuba kama ile. Magoti chini, macho chini, sauti ya chini. Kila kitu kinyume na nilichowafundisha. Na chumba kizima alikuwa amekishika yeye.

Agogo alikaa. Kisha akanyoosha mikono yake miwili akasema, "Nipe mtoto, inuka." Binti akafungua chitenje, akampa mtoto, akasimama. Hayo tu. Hakuahidi kitu, hakuomba radhi, alimpakata yule mtoto mpaka mwisho wa sesheni na mtoto akalala.

Na yule binti aliposimama, akageuka, akaniona mimi nimekaa pale pembeni na daftari langu. Nadhani alikuwa anataka tu kuendeleza maongezi, hakuwa na ubaya wowote. Akaniuliza, "Aunti, nanga kwanu?"

Na kwenu je?

Niliitafuta pumzi. Kwa sababu kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni kubwa kuliko mimi kwa zaidi ya miaka 20, inasema msichana anaweza kuolewa na miaka 15 mzazi akiridhia, mahakama ikikubali hata 14. Mvulana 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliipeleka mahakamani na mwezi wa saba 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, lakini serikali ikakata rufaa, na siku ile nimesimama Mangochi rufaa ilikuwa bado haijaamuliwa. Kwa hiyo mimi, mgeni mwenye kiwembe, nimetoka nchi ambayo bado ina ule upenyo ambao hawa walishauziba miaka miwili nyuma, nimekuja kuwafundisha.

Nikawaambia ukweli. Kwetu ni 15. Wakaguna wote, ile mguno ya chumba kizima. Halafu yule binti akauliza, na akipata mtoto anarudi shule? Malawi wana sera ya kuwarudisha mama wadogo shuleni toka 1993, mwaka niliozaliwa mimi. Nikasema hapana. Kwetu sasa hivi hapana, akipata mimba anafukuzwa. Akaniangalia kwa huruma. Yaani yeye, ndiye aliyenionea huruma mimi.

Sikuwaambia lililobaki, nitalisema hapa. Mtoto wa mama yangu mdogo, mdogo wangu kabisa tumelala kitanda kimoja kwa bibi, alifukuzwa shule 2017 akiwa kidato cha pili. Alikuwa wa kwanza kwenye hesabu darasani kwao. Walimpima, wakamwandikia barua, akarudi nyumbani na madaftari kwenye mfuko wa Rambo. Mimi nilikuwa Dar. Niliposikia nilituma shilingi elfu 50 za nguo za mtoto, nikaandika "pole mdogo wangu, Mungu ana mipango", na nikaendelea na maisha. Miaka miwili. Sikumuuliza hata mara moja anataka nini. Nimevuka nchi, nimepanda mabasi manne, nimelala bweni na mabinti 62 nawauliza kila asubuhi unataka kuwa nani, na yule wa nyumbani sijawahi kumuuliza.

Usiku wa mishumaa nitaupita haraka, maana upepo ulizima yote. Ule upepo wa ziwani unaotoka kusini, wanauita mwera, huo mwezi unavuma sana. Mabinti hawakuhangaika, walianza kupiga makofi gizani, wakaimba za kwao, agogo akiwa katikati na wenzake wawili aliokuja nao. Yule Mholanzi aliniuliza wanaimba nini, nikamwambia sielewi maneno ila mapigo nayajua. Tulicheza mpaka saa tano.

Madam aliniandikia baadaye WhatsApp, mwezi wa kumi. Wamekaa na mwenye, yaani mkuu wa kijiji, na anankungwi wa pale wanne. Watatu wamekubali kwamba binti aliye shuleni ataambiwa ndani ya chinamwali kwamba ndoa bado, na wataisogeza ngoma iangukie likizo ndefu wasikose masomo. Wa nne amekataa. Hakuwa agogo wetu, agogo ndiye aliyewaita.

Mwezi huo huo, tarehe 23, Mahakama ya Rufani hapa kwetu ikatupilia mbali rufaa ya serikali, ikabaki vilevile, vifungu virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila kurekebishwa. Mama wadogo walikuja kuruhusiwa kurudi shule mwezi wa kumi na moja 2021. Naandika tarehe hizi kwa sababu kila moja nilipoisikia nilimsikia yule binti, nanga kwanu, nanga kwanu.

Ila mimi sikungoja tarehe. Nilitoka Malawi nikateremka Mbeya, badala ya kwenda Dar nikaunga kupitia Songea na Tunduru mpaka Masasi, mabasi yale na vumbi lile, nikafika saa moja usiku. Bibi alikuwa barazani anachambua kunde. Mdogo wangu alikuwa jikoni na mwanae. Niliingia kwanza jikoni nikamuuliza, unataka nini? Hakuelewa. Nikarudia. Akasema, kwa sauti ya mtu ambaye alishalizika hilo jambo, anataka kufanya QT, ule mtihani wa walio nje ya shule wanaotaka kufanya wa kidato cha nne, amesikia kuna mwalimu anafundisha jioni mjini, lakini bibi ameshasema mwenye mtoto atulie.

Nikatoka barazani. Nikapiga magoti mbele ya bibi, macho chini. Nikaanza kama nilivyomsikia yule binti, "Bibi, samahani." Nikamwambia yote, agogo, mwembe, mtoto mgongoni, karatasi ya dawa. Nikamwambia nyinyi ndio mliotucheza sisi wote wawili. Nikamwomba kwa ajili ya mdogo wangu.

Bibi alinyamaza sana. Akachambua kunde mpaka ungo ukaisha. Msimu wa korosho ulikuwa bado na hela za msimu uliopita zilikuwa hazijaingia, nilijua, kwa hiyo nilikuwa tayari aseme hakuna hela. Akasogeza ungo pembeni, akafungua pindo la kanga.

"Huo mtihani," akauliza, "wanalipia shingapi?"